Kiti cha Theluji cha Marlsea

Jumatatu, 12 Januari

Upepo wa mashariki! Umethibitika. Ramani zote za asubuhi zinakubaliana, na ramani hizo huwa hazikubaliani hata siku ya jua. Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa hewa baridi itavuka bahari na kutuletea manyunyu ya theluji. Kumletea nani hasa? Hapo ndipo ninapotamani kuvunja kitu. Yule mama wa utabiri kwenye televisheni alitabasamu akasema yataanguka hapa na pale. Hapa na pale! Analipwa mshahara kusema hapa na pale. Hata Beryl angeweza kusema hivyo, na Beryl ni mke wangu na wingu kwake ni wingu tu.

Dakika hiyo hiyo Upjohn, mwenyekiti wetu, akaandika kwenye kundi letu la simu kwamba anainoa rula yake. Rula hainolewi, mpumbavu huyu. Watu kumi wakamwekea vidole gumba.

Niandike sheria hapa ili hasira inipungue. Katika Chama cha Hali ya Hewa cha Marlsea, mwenyekiti hapigiwi kura. Kila theluji mpya ikianguka, kiti huenda kwa yule ambaye bustani yake imekuwa ya kwanza kupata theluji iliyolala. Saa tatu kamili asubuhi, zaidi ya nusu ya ukoka uwe umefunikwa, na mwenye bustani awe amesimama pale na kipimo mkononi. Basi. Mwenyekiti hupewa barometa ya shaba aitundike kwake, na kila Jumamosi husema redioni mji mzima ukimsikiliza. Derek Upjohn amekalia kiti hicho kwa misimu minne, kwa sababu tangu theluji ya kwake haijaanguka nyingine. Na kwa nini ilianguka kwake? Kwa sababu anaishi juu kilimani! Siku ile kwangu, huku chini karibu na bahari, ilinyesha mvua. Nilisimama ndani yake na rula yangu mpaka saa tatu. Sijasahau.

Mwaka huu kiti ni changu. Nimekitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote kazini miaka yote ile, na kazini nilitaka vingi.

Beryl aliuliza lini nitatengeneza mfereji wa paa. Nilifungua ramani nyingine.

Jumanne, 13 Januari

Halmashauri ni adui wa sayansi.

Mtu yeyote mwenye akili anajua theluji ya usiku hutazamwa chini ya taa ya barabarani. Unazima taa za ndani, unasogeza pazia, unakodolea macho ule mwanga wa manjano mpaka kipande cha kwanza kipite. Sasa wameing'oa taa ya manjano mbele ya nyumba yangu na kuweka nyeupe. Theluji nyeupe, taa nyeupe! Nitaona nini? Nilikwenda ofisini kwao kudai taa yangu. Binti wa kaunta aliuliza kama hii mpya imeharibika. Nikasema haijaharibika, inafanya kazi mno. Akaniuliza, kwa sauti ile wanayotumia kwa wazee waliopotea, kama nimekuja na mtu. Nilitoka pale nimefura.

Lakini hasira ina faida zake. Nikiwa natembea kwa kishindo kurudi nyumbani nikakumbuka kishamba! Tunacho kishamba cha halmashauri kule kilimani, vile vipande vinavyokodishwa kwa watu wapande mboga zao. Beryl ndiye anayelima, lakini kimeandikishwa kwa jina langu. Na kiko wapi? Nyuma ya nyumba ya Upjohn, na juu yake! Nikisimama pale naliona paa lake kwa chini.

Nilimpigia katibu wetu, Bi Oakshott, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mpaka leo ukiongea naye unajikuta umenyoosha mgongo. Akasema ardhi yoyote iliyo mikononi mwa mwanachama inakubalika, ila kila mwanachama ana kituo kimoja tu. Nikihamia juu, bustani ya nyumbani si yangu tena mpaka majira yaishe. Akaniuliza kama nina hakika.

Nilimwambia bustani ya nyumbani ni dimbwi lenye uzio, anayeitaka aichukue. Nikahama hapo hapo kwenye simu.

Jumatano, 14 Januari

Sheria inataka ukoka. Kishamba kizima ni kabichi! Nani aliyepanga maisha yangu?

Suluhisho nilipata kabla ya chai. Nilichukua sepetu nikakata ukoka wa nyuma ya nyumba, vipande vizuri vya mraba pamoja na udongo wake, nikavipakia kwenye gari. Kule juu ilinibidi niondoe kabichi ili kuvilaza. Si zote. Zile za katikati tu.

Nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, kichwa cha Upjohn kikachomoza juu ya uzio, kofia ya sufu na lile tabasamu.

"Neville, ndugu yangu," akasema, "bahari imekufukuza?"

Nikasema nalima. Akauliza, Januari? Nikasema kuna watu wanapenda kujiandaa mapema. Akatazama ukoka wangu ulioletwa na gari, akatazama mbingu, akasema unapendeza sana, kaburi la mbwa lingekuwa hivi. Kisha akaniuliza Beryl hajambo. Anamuuliza Beryl kila mara! Anamtakia nini? Damu ilinichemka nikashindwa kupanga vipande sawasawa, kimoja kimekaa upande.

Beryl alirudi kutoka dukani akaona shimo nyuma ya nyumba. Baadaye akasikia habari za kabichi. Sikuwa nimekusudia azisikie leo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo linaloudhi, maana mtu akipiga kelele unaweza kumjibu. Alisema kabichi zile alizimwagilia maji kiangazi kizima akibeba ndoo kwa mkono, halafu akafungua maharagwe ya kopo na kunipa mimi peke yangu.

Nilimweleza kwamba akiwa mke wa mwenyekiti atanishukuru. Akaenda kulala.

Alhamisi, 15 Januari

Asubuhi: ramani zinasema kilimani. Nilicheka peke yangu bafuni.

Mchana: ramani zinasema yote yanakwenda kaskazini, hatupati kitu. Nilirusha slipa. Ilimpata paka, ambaye si wetu.

Jioni: yamerudi! Kwenye rada manyunyu yamejipanga juu ya bahari kama siafu, msululu mmoja mwembamba unaosogea pwani. Mwembamba mno. Utapita juu ya nani? Kundi limechafuka. Kila mtu anatuma picha ya rada na mshale aliouchora mwenyewe, na kila mshale unaishia kwenye nyumba ya aliyeuchora. Wangu tu ndio wa kisayansi. Niliwaandikia kwamba msululu utagonga kilima na kumwaga kila kitu juu ya kishamba changu. Upjohn akajibu kwa picha ya kabichi inayolia. Watu thelathini na mmoja wakacheka! Sikujua hata kama tuko thelathini na mmoja.

Nimefunga mizigo: rula, kiti cha kukunja, chupa ya chai, biskuti, blanketi. Beryl alisimama mlangoni akaniomba nisiende. Alisema bomba la kupasha nyumba joto linagonga tena, na haipendi nyumba baridi akiwa peke yake. Akasema kama ni theluji, inaweza kutazamwa dirishani pia. Dirishani! Chini ya taa ile! Nikamwambia kiti hakimngoji mtu, nikaondoka. Nilichukua na blanketi la pili.

Ijumaa, 16 Januari

Naandika alasiri, miguu ikiwa kwenye beseni. Nimevunja kalamu moja tayari, kwa hasira, si kwa baridi.

Kilimani hakuna taa karibu na kishamba. Kwa hiyo niliwasha taa za mbele za gari zimulike hewa juu ya ukoka, nikakaa kwenye kibanda nikitazama. Wazo zuri sana, mpaka leo nasema ni zuri. Hakikupita kitu. Nikatoka nje, nikainua uso, nikaona nyota. Nyota! Hakuna tusi baya kama hilo. Zilijaa juu ya kilima kizima, zimetulia, hazina haya wala soni.

Upjohn naye alikuwa nje, joho la kulalia juu ya mabuti, anatazama juu kama mimi. Halafu akanipitishia bakuli la supu juu ya uzio. Niliinywa kwa chuki. Ilikuwa supu nzuri, jambo lililonikera zaidi.

Kulipopambazuka ukoka wangu ulikuwa umeganda lakini mkavu, hata kipande kimoja cha theluji hakuna. Wa Upjohn vile vile. Nilianza kufurahi kidogo. Ndipo nikatazama chini.

Mji ulikuwa wa kijivu kama kawaida yake, isipokuwa utepe mmoja. Ulianzia ufukweni, ukapita kanisani, ukapanda mtaa mmoja tu, mapaa, uzio, magari, vyote vyeupe pe. Mtaa wangu! Theluji imekaa baharini usiku kucha ikitafuta nyumba ya Neville Crabb, ikaipata, na mwenyewe hayupo!

Nilikimbilia gari. Betri imekufa, kwa sababu ya zile taa. Upjohn akajitolea kunipeleka. Nikamwambia heri nife, nikashuka kilima kwa miguu, na sehemu kubwa ya kilima niliishuka kwa makalio. Nikampigia Beryl njiani. Nilimwambia asifagie, asimwage chumvi, asimruhusu paka, asipumue, nakuja.

"Bi Oakshott yuko hapa kushuhudia," akasema. "Rula umeondoka nayo, kwa hiyo nimepima kwa futi yangu ya kushonea. Theluji ni nzuri, Neville. Imefika kwenye kifundo cha mguu."

Kengele ya kanisa ikagonga saa tatu nikiwa bado kwenye kona ya duka la dawa. Nilipofika, Bi Oakshott alikuwa amesimama katikati ya bustani kwa mabuti yake ya mpira. Nikadai kiti changu. Akanikumbusha kwamba nilihama. Nikasema basi kisiwe cha mtu, kwa kuwa bustani haina mwanachama. Akasema inaye. Sisi tulijiandikisha kama familia, kwa kuwa ilikuwa nafuu, na saini ni yangu. Beryl ni mwanachama. Beryl alikuwepo saa tatu na kipimo mkononi.

Nilipinga. Nilisema theluji imejaa kwenye shimo nililochimba, kwa hiyo kipimo si halali. Bi Oakshott akasema shimo walilitoa kwenye hesabu, na bado nusu imepitwa kwa mbali. Nikasema futi ya kushonea si chombo cha sayansi. Akanitazama mpaka nikanyoosha mgongo.

Upjohn akaja na gari lake, barometa ya shaba kifuani ameikumbatia kwa mikono miwili. Nilidhani atagoma, angalau yeye. Akainama kidogo, akampa mke wangu mkono, akamwita Mama Mwenyekiti, akaitundika mwenyewe jikoni. Macho yalikuwa yamemlowa. Tulikunywa chai wote, nami nikiwa nimelowa mpaka kwenye nguo za ndani.

Walipoondoka nilimuuliza Beryl anajua nini kuhusu theluji. Hakukasirika. Alisema alikaa dirishani usiku kucha kwa sababu bomba lilimnyima usingizi, akaona kipande cha kwanza kikipita kwenye taa, kisha vingine, kisha vingi.

"Nilitaka kukuita," akasema. "Nikageuka nyuma hukuwepo."

Sasa hapo lawama ni ya nani? Ya halmashauri. Kumbe ile taa nyeupe inaonyesha, na hawakuniambia!

Jumapili, 18 Januari

Jana Beryl alisema redioni. Mimi nimefanyia mazoezi sauti yangu misimu minne, nina hotuba ya shinikizo la hewa iko tayari. Yeye aliwaambia wasikilizaji wamwangalie jirani mzee wakati wa baridi, na kwamba theluji ikianguka haina sauti lakini ukinyamaza utaisikia. Utaisikia nini? Kundi zima limelia. Upjohn ameandika kwamba haijapata kusemwa vizuri hivyo. Nilizima simu, nikaiwasha, nikaizima tena.

Theluji yenyewe ilikuwa imeyeyuka Ijumaa ile ile kabla ya chakula cha mchana.

Lakini! Alhamisi ijayo upepo unageuka, unatoka kaskazini. Nimekaa na ramani tangu alfajiri na hakuna ubishi: safari hii msululu utapita mbali na kilima, mbali na ufukwe, utamwaga kila kitu upande wa pili wa mji, mtaa anaokaa Maud, dada yake Beryl. Maud ana ukoka mkubwa na haelewi thamani yake. Nimempigia simu kumuuliza kama ana chumba, na kama atanikodisha ukoka wake. Nimempigia na Bi Oakshott kuhama tena. Akaniuliza kama nina hakika. Mwanamke huyu ana maswali!

Jioni Beryl alileta chai akaketi karibu yangu mbele ya rada, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane. Akauliza ile rangi ya bluu ni nini. Nikamweleza. Akauliza na ile ya kijani. Kisha akasema amefikiri, Alhamisi tuvute viti viwili dirishani, azime taa, tutazame pamoja.

Ilinibidi nimwambie ukweli. Alhamisi theluji haitaanguka hapa, na mimi nitakuwa kwa Maud.