Hema la Baba Mkwe na Ushauri Wenu wa Kiraka

Ndugu Mhariri wa safu ya "Fundi ni Wewe",

Pole na kazi ya kutuelimisha. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi. Ninaandika nikiwa ndani ya hema, na hema lenyewe limo ndani ya sebule yangu. Nitaeleza.

Baba mkwe wangu, mpima ardhi mstaafu, alituazima hema alilolalia porini miaka ishirini. Anakuja kulichukua Jumamosi. Jumatatu nililikunjua nilikung'ute vumbi, nikakuta ubavuni tundu la mraba, kubwa kama sinia, pembe zote nne zimenyooka. Nikajua ni panya. Mke wangu aliuliza ni panya gani anayetumia rula, nikamjibu kwamba siku hizi hata panya wamesoma. Akashauri tulipeleke kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Nilikataa, maana siku hiyohiyo mlikuwa mmechapisha makala ya kutengeneza hema nyumbani kwa gharama nafuu. Hapo ndipo mliponiponza, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mliandika kiraka kikatwe kwenye kitambaa kisichopitisha maji, ambacho "hakikosekani katika nyumba yoyote". Kwetu kilikuwa kimoja tu, pazia la bafuni. Sasa anayeoga lazima aimbe mfululizo ili ijulikane yumo. Mama yangu mzazi, ambaye si mtu wa nyimbo, hajaoga tangu Jumanne.

2. Mliandika kiraka kibanwe kwa pasi ya moto kiasi. Kiasi gani, hamkusema. Pasi imenatana na nusu ya pazia. Nusu iliyobaki nikaishona kwa sindano ya magunia. Watoto wangu pacha wanakwenda shule na mashati yenye makunyanzi, kana kwamba wamelala nayo. (Wamelala nayo kweli, tazama namba 4.)

3. Mliandika nguzo iliyopinda ibadilishwe kwa "fimbo yoyote nyepesi". Yetu haikuwa imepinda, lakini agizo ni agizo, nikang'oa fimbo ya pazia la sebuleni. Tangu hapo majirani wanatutazama tukila, na mmoja amelalamika kwamba tunachelewesha chakula cha jioni.

4. Hili ndilo lililonimaliza. Mliagiza hema lijaribiwe kwa kumwagiwa ndoo tatu za maji. Nje kulikuwa na mvua, nikaona matope yatalichafua, nikalisimamisha sebuleni. Nisiwe mwizi wa fadhila: halikuvuja hata tone. Maji yote yalikwenda kwenye zulia, kwenye makochi, na chini ya mlango hadi kwenye magodoro. Sasa mahali pakavu pekee nyumbani mwangu ni humu. Tumo watano, mama anakoroma, na hewa hakuna kabisa. Sijui baba mkwe aliwezaje miaka ishirini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba, na nyumba ndiyo iliyobomoka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mchapishe haraka makala ya kutengeneza nyumba kwa vifaa vilivyomo ndani ya hema. Pili, mniletee mwandishi wa makala ile asimame nami mlangoni Jumamosi. Simwogopi mtu mwingine yeyote, lakini mzee yule alinipa binti yake kwa sababu niliapa kwamba najua kutunza vitu. Ninaogopa kweli, ndugu yangu.

Wasalimie wapiga chapa, makarani na mfagizi wa ofisi yenu. Watoto na mama wanawasalimu. Mke wangu hajatuma salamu.

Ni mimi, niliyewatii kupita kiasi,
Baba Pacha

Nyongeza: Baba mkwe amefika leo, Ijumaa. Amelizunguka hema mara mbili, akapapasa mshono wangu, kisha akauliza kwa upole ni nani amemzibia dirisha. Alilikata mwenyewe, kwa rula na wembe, mwaka wake wa kwanza kazini, baada ya kukosa hewa. Hema halikuwahi kuharibika. Wahenga nao hawakutuambia tuhakikishe kwanza kama ufa si dirisha. Tafadhali futeni malalamiko yote manne, mnitumie makala ya kutoboa hema nyumbani kwa gharama nafuu. Ifike upesi. Mzee amesema haondoki bila dirisha lake, kwa hiyo sasa humu tumo sita, na nafasi pekee iliyokuwa imebaki ni ubavuni pangu.