Zamu ya Kunizika Siku za Kazi

Kitongoji cha Mikoroshini,
Njia ya Mpapura,
Mtwara.
Jumatatu.

Ndugu Mtendaji wa Kijiji,

YAH: MAOMBI YA KUPANGIWA WATU WA KUNIZIKA KATIKATI YA WIKI

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini nakusihi usiishie hapo, kwa kuwa barua zangu tatu zilizotangulia naona uliishia kwenye bahasha. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu miaka themanini na minne, na daktari amenieleza kwa adabu kwamba moyo wangu sasa unafanya kazi ya kujitolea. Naandika nikiwa na akili timamu, na haraka kidogo.

Najua unakaa Ufukoni, mjini, na kila asubuhi unakuja kwetu kufanya kazi. Majirani zangu nao kila asubuhi wanatoka kwetu kwenda mjini kufanya kazi. Mnapishana njiani, mnapungiana mikono, na kwa namna hiyo kijiji kinaendeshwa. Ofisi yako hufunguliwa wananchi wakiwa wameshaondoka na hufungwa kabla hawajarudi. Nakiri ni utaratibu wa amani sana. Walioko wa kuuvuruga ni mimi na kuku tu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Watu hawa hawakai hapa, wanalala hapa. Huondoka na bodaboda alfajiri, giza halijatoka, na hurudi baada ya isha, giza limeshaingia. Kila alfajiri mimi hukaa kwenye kiti changu barazani na kuwauliza wanapopita, "Leo mnahamia wapi?" Jirani yangu Kassimu, ambaye ukuta wake unagusa choo changu, ana miaka sita hapa. Siku ya Idi tulikutana njiani saa nne, jua linawaka. Akanishika mkono kwa huruma: "Shikamoo mzee, unatafuta nyumba ya nani?" Nilipoitikia aliitambua sauti. "Kumbe ndiye wewe unayetusema alfajiri," akasema, akafurahi kama mtu aliyeokota ndugu.

2. Bi Husna, mwenye nyumba ya bati la bluu, alinunua kiwanja katikati ya mikorosho kwa ajili ya hewa safi. Mwezi wa sita tulipoanza kuipulizia mikorosho dawa ya salfa, kama ilivyopuliziwa tangu yeye hajazaliwa, vumbi la njano lilitua kwenye mashuka yake meupe. Aliniletea barua iliyochapwa kwa kompyuta, akiomba mikorosho iwe inaugua siku ambazo hajafua.

3. Kisamvu. Ndugu Mtendaji, kisamvu kinachumwa nyuma ya nyumba yangu, kinapakiwa kwenye bodaboda saa kumi na moja alfajiri, kinakwenda sokoni mjini. Jioni majirani zangu wanakinunua sokoni, wanakipakia kwenye bodaboda ileile, wanakirudisha hapa. Kimesafiri kuliko mimi. Nilimweleza Bi Husna kwamba angeweza kuvuka tu uzio akachuma. Akanijibu, "Babu, cha sokoni kimeshatwangwa." Hoja hii naomba uisome mara mbili.

4. Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mwaka jana Bibi Zawadi, aliyekuwa mkubwa wangu kwa miaka miwili, alifariki siku ya Alhamisi. Alhamisi si siku ya kufa Mikoroshini. Waliolibeba jeneza ni mimi na mkongojo wangu, imamu, Inasio, mwenye miaka sabini na sita na goti moja, na muuza samaki aliyekuwa akipita na baiskeli, ambaye katikati ya njia aliniuliza marehemu anaitwa nani. Tulipumzika mara tano. Jioni nilionyeshwa kwenye simu kundi la majirani: picha za mikono ya kuomba zilikuwa thelathini na moja. Hakuna hata mkono mmoja kati ya hiyo uliokuwa umeshika jeneza.

Kwa kuwa anayefuata ni mimi, na dini yetu haituruhusu kuiweka maiti ikasubiri wikiendi, naomba ofisi yako iamuru yafuatayo:

(a) Ipangwe zamu ya kushinda nyumbani. Kila siku ya kazi wabaki watu wazima sita wenye afya. Orodha nimeshaiandaa. Jumatatu nimemweka Kassimu, kwa kuwa anadaiwa salamu za miaka sita.

(b) Kila mwenye zamu aonyeshe jembe lenye mpini. Majembe niliyoyachungulia kwenye nyua zao bado yana karatasi ya dukani.

(c) Atakayekataa zamu afutwe kwenye daftari la wakazi, aandikwe "mgeni wa kulala".

(d) Ikishindikana yote hayo, nipewe kibali cha maandishi cha kufa Jumamosi au Jumapili. Sikukuu za serikali pia nitazikubali, isipokuwa Mei Mosi, maana huwa wanakwenda kuvaa fulana.

5. Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Lakini mtu anayeomba kuzikwa vizuri anapaswa kuulizwa alizika vipi wenzake.

Mtu wa kwanza kulala Mikoroshini na kushinda mjini ni mimi. Kwa miaka thelathini na moja nilikwenda kufundisha kwa baiskeli alfajiri na kurudi jioni. Nilikuwa na rafiki, Mustafa. Baba yangu alipofariki, katikati ya masika, Mustafa alichimba kaburi peke yake kwenye tope na akakataa kupokewa jembe. Mwaka 1986, siku ya Jumatano, Mustafa naye akafariki. Wakamtuma Inasio huyuhuyu, aliyeletwa huku na mama yake akiwa kijana, kwa kuvuka mto Ruvuma pale Kilambo wakati wa vita vya Msumbiji. Alifika shuleni jasho linamtiririka. Akaniambia, "Mwalimu, Mustafa katutoka. Wanakusubiri kabla ya adhuhuri." Nikamjibu, "Tangulia, nakuja."

Sikwenda. Siku hiyo wakaguzi walikuwepo, na nilijua wanatafuta mtu wa kumpa ukuu wa shule. Niliporudi jioni kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji na maji yameshakauka. Nikasimama mbele ya waombolezaji nikasema, "Sikupata taarifa."

Inasio alikuwa amekaa palepale. Alilitazama gurudumu la baiskeli yake. Watu wakamgeukia yeye. Wakasema mtu wa ng'ambo hata kutumwa hajui, na neno hilo limemfuata karibu miaka arobaini, hadi kwa watoto wake. Ukuu wa shule niliupata.

Naomba hoja hii ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yako: Inasio alifika. Mwongo ni mimi.

Naisalimu ofisi yako yote, yaani wewe na benchi la wageni. Wasalimie nyumbani Ufukoni, na wote unaopishana nao njiani, hasa Bi Husna na mashuka yake.

Wako katika ujenzi wa taifa, ingawa nimebakiwa na kazi ya udongo tu,

Mwl. Ramadhani Nandonde (mstaafu)

Tanbihi, Jumatano.

Barua hii ilinichosha, na jana Jumanne nilipitiwa na usingizi hadi saa tatu asubuhi. Sikukaa barazani. Kumbe walipopita hawakusikia wa kuwasema. Bi Husna akapiga hodi mara tatu. Mimi na masikio yangu unatujua. Akaandika kwenye kundi lao, "Kiti cha Mwalimu ni kitupu." Taarifa ilipofika mjini nilikuwa nimeshakufa. Wakageuza bodaboda. Waliogopa kuvunja mlango wa maiti bila imamu, wakaona heri waanze kaburi.

Nilifungua mlango kutafuta uji, nikakuta watu arobaini na wawili uani kwangu, siku ya kazi, mchana kweupe. Wewe tu ndiye hukuwepo. Nasikia ulikuwa njiani. Walinipeleka nikalione kaburi, Inasio akiwa ameshawaonyesha nafasi kando ya Mustafa. Ni baya. Limepinda, ni fupi, na wamesahau mwanandani, ule ufa wa ndani wa kulaza maiti. Sijui walitaka nizikwe nimekaa. Nimewaamuru walirekebishe na wasilifukie.

Kwa kuwa walikuwa wamekusanyika, niliwasomea hoja ya tano yote. Nilipomaliza Inasio alisema, "Mwalimu, kanywe uji, unapoa." Lakini alikuwa anafuta macho.

Ombi la zamu naliondoa. Hoja ya kisamvu ibaki. Ningeweza kubishana nawe zaidi, ila Kassimu amenimaliza. Sikuwa najua kwamba anafundisha shule ileile niliyokuwa mkuu, na kwamba jana walikuwa na wakaguzi. Nilimkuta shimoni, suruali ya kazini imejaa udongo hadi magotini. Nikamuuliza alimwambia nini mkaguzi.

"Nimemwambia nimefiwa na jirani."

Naye akasemaje?

"Sijui, Mwalimu. Sikusubiri jibu."