Somo la Koti na Kiatu Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimeaibika mpaka masikio bado yanawaka. Nawaambia mapema, jamaa zangu, kabla majirani hawajawaletea habari iliyotiwa chumvi.

Mnajua mimi ni dresa, mfunga vidonda, hospitalini. Mnajua pia ugonjwa wangu: mtu akiniuliza jambo, sitosheki mpaka aelewe. (Mke wangu Nafula husema ningemfundisha hata kuku kutaga.) Jioni nimerudi landhi, kwenye nyumba zetu za wafanyakazi, na Okello, fundi wa reli, jirani yetu. Nafula alikuwa ameenda bombani. Chumba chetu ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia: huku viti, kule kitanda.

"Keti," nikamwambia Okello. "Tuko peke yetu."

Peke yetu!

Okello alikuwa na shida ya kweli. Mwaka jana alifungwa mirija ya uzazi, kwa sababu daktari alionya kwamba mkewe akishika mimba tena huenda asipone. Sasa ngozi ya mbele inambana na kuvimba, na daktari anataka kumtahiri kesho. Okello amekataa.

"Kwetu hatutahiri, ndugu yangu, lakini si hilo. Kisu hakitafungua ile kazi ya kwanza? Halafu nimuue mama watoto?"

Macho yake yalilowa. Ningenyamazaje?

Nikavua koti. Nikavua kiatu.

"Tazama, bwana. Mkono wa koti ndio ngozi ya mbele. Kamba za kiatu ndizo mirija inayopitisha mbegu, nayo iko huku chini, ndani ya mfuko wa korodani." (Nilitumia sauti ya wodini, ile inayofika kitanda cha mwisho.) Nikachukua wembe, nikakata kamba, nikafunga ncha zake. Kisha nikakunja mkono wa koti. "Umeona kamba ikiguswa?"

"Hapana."

"Baada ya kufungwa, ulirudi kupimwa?"

"Nilirudi. Wakasema hakuna mbegu hata moja."

"Basi! Kipimo ndicho cha kuamini. Mirija kujiunga tena ni nadra, na ikitokea hujiunga yenyewe. Kutahiriwa hakuihusu kabisa."

Okello akakuna kichwa. "Lakini korodani ni mbili, na wewe umekata kamba moja."

Nilifurahi, mwanafunzi amefuata! Nikavua kiatu cha pili, nikainua kamba juu. "Na ya kushoto hukatwa hivi!"

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Kikohozi hicho nakijua. Mama mkwe! Kumbe alikuwa amekuja na lori la maziwa kutoka Dundori kumletea binti yake viazi. Aliposikia hatua zetu akajificha, maana kwetu mama mkwe na mkwe hawakai uso kwa uso. Mlango ni mmoja, angepitia wapi? Nami, mtu ambaye sijawahi kutaja hata paja la kuku karibu naye, nimemfundisha korodani, kulia na kushoto.

Nafula akaingia na debe la maji. Akaona soksi zangu, wembe, kamba zilizokatwa.

"Baba Wekesa! Mama yuko ndani!"

"Najua."

Kisha pazia likaongea, si na mimi, bali na binti yake, kama heshima inavyotaka.

"Nafula, mwambie huyo mgeni aende akatahiriwe. Koti ni koti, kiatu ni kiatu. Hata mimi nimeelewa."

"Ndiyo, mama."

"Na mume wako mwambie anaeleza vizuri. Ila apunguze sauti."

Nje, upande wa dirisha, majirani wakaangua kicheko. Okello hakucheka. Alisimama akalielekea pazia kwa adabu zote. "Asante, mama. Kesho nitaenda."

Dakika ile ile! Mimi nimeharibu viatu, mama mkwe amemaliza kwa maneno mawili.

Basi kesho namsindikiza Okello. Nyinyi chekeni usiku huu mmalize. Mkija kumwona wodini, nataka nyuso za kanisani.