Ombi la Kumnyima Chiriku Cheti

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Walimu wa Kiingereza,

Natumai barua hii imekukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanguka. Mimi ni bibi yake yule binti mnayemwandaa kwenda kufundisha Kiingereza ng'ambo. Hapa nyumbani tunamwita Chiriku, kwa ajili ya mdomo wake. Shule mimi nimeiona kwa nje tu. Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani, na nimemwonya asipunguze neno wala asinipambe. Naomba kwa heshima zote mumfelishe mjukuu wangu. Sababu ninazo.

Kwanza, mmemfundisha kwamba huko ng'ambo mwalimu hatumii lugha nyingine; anaonyesha kitu, anakitaja, mpaka mwanafunzi naye akitaje. Sasa yeye wanafunzi hana, ana mimi. Asubuhi ananishikia kijiko mbele ya pua, anasema "spuni", na chai yangu haionji sukari mpaka nami niseme "spuni". Ndugu Mkuu, neno kijiko nilimfundisha mimi, amenikalia pajani. Na nilimlisha kwanza, kutamka kukaja baadaye.

Pili, makofi. Nikipatia ananipigia makofi, meno yote nje: "Gudi jobu, Bibi!" Mimi niliyelea watoto na watoto wa watoto, nashangiliwa kwa kutaja kikombe! Juzi mama wa nyumba ya pili alikuja mbio akidhani tumeletewa posa. Nikamwambia rudi mwanangu, hakuna posa, nimepatia kuutaja mlango kwa Kiingereza tu.

Tatu, na hapa ndipo damu inaponichemka. Hao wa ng'ambo walimsikia kwenye simu, wakaisifu sauti yake. Walipomwona sura, wakauliza kama Kiingereza amezaliwa nacho. Nyinyi mkamshauri ajibu kwa upole na atabasamu. Atabasamu nini? Mikono hii imepokea watoto wengi, wa matajiri na wa makabwela, na hakuna hata mmoja aliyetoka akisema gudi moning. Wote walisema ng'aa! Waulizeni hao mabwana, wao walitoka wakisema nini.

Nne. Nilimuuliza Chiriku, mtoto wa watu akianguka darasani akachubuka goti, pole utamwambiaje? Akasema "sori". Nikamwambia, si ndiyo ile uliyonipa ulipovunja birika langu? Akasema ndiyo hiyohiyo, Bibi. Haya basi! Mtoto aanguke mwenyewe, mwalimu mgeni aombe msamaha, mzazi aje juu, kwa nini umemsukuma mwanangu? Mjukuu wangu ataishia polisi kwa kumhurumia mtu. Lugha yenyewe haina pole, mnaitolea cheti cha nini?

Tano. Kama kumfelisha ni kazi, waambieni hao wa ng'ambo wawalete watoto wao hapa. Uwanja upo, mikeka ipo. Chiriku atawafundisha Kiingereza, mimi nitawafundisha pole, na kila mmoja ataoga kabla ya kulala, apende asipende. Hilo nalo mkiliona gumu, cheti nipeni mimi, niende mimi. Watanifukuza siku ya kwanza, sawa, lakini yeye atakuwa amebaki. Nyumba hii imebakiwa na sauti moja tu ya kuisikiliza, nayo ndiyo mnayotaka kuisafirisha.

Wasalimie walimu wako wote, wafagizi, na yule mama wa chai. Zaidi msalimie mlinzi wa getini, aliyenipa kiti chake siku ile niliyokusubiri usitokee. Huyo ndiye wa kupewa cheti.

Ni mimi niliyekasirika, ila kwa adabu,

Bibi yake Chiriku
(dole gumba langu hilo)

N.B. Fundi alikuwa ananisomea barua hii, Chiriku akaingia akaisikia yote. Akakaa juu ya sanduku lake la safari, akasema basi, haendi tena, atabaki na mimi. Nikamwambia "No!" Nimelisema kwa Kiingereza ili asijifanye hakuelewa. Safari hii hakunipigia makofi. Alilia, nikamwambia pole. Cheti kikiwa tayari nitakuja kukichukua mwenyewe; mlinzi aniwekee kile kiti.