Malalamiko Dhidi ya Nywele Zilizorudi Bila Ruhusa

Waithira Kinyanjui,
Duka la kona, mtaa wa Pioneer,
Eldoret.
14 Novemba 1988

Kwa Mzee Zachariah Gichuru,
Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu ya Kanisa,
na pia Mwenyekiti wa Chama, tawi la mtaa wetu.

Mzee wetu mpendwa,

KUH: NYWELE ZANGU

Nakusalimu kwa vyeo vyako vyote viwili. Nimepokea barua ya kamati yako inayosema kwamba nimesimamishwa kuimba kwaya kwa kosa la kutia kalikiti, ile dawa ya saluni inayokunja nywele zikang'aa na kudondosha mafuta, ambayo kanisa letu limeipiga marufuku kwa kuwa ni majivuno na inachafua viti. Barua inasema sitaimba kwenye harambee ya kuchangia paa la kanisa Jumapili hii, mbele ya Mkuu wa Wilaya, mpaka nizinyoe.

Mzee, sijaandika ili nibishane. Mimi ni nani nibishane na kamati? Nywele ziko hapa kichwani, zimejikunja, zinang'aa, na mtu yeyote mwenye macho ataziona. Ila nadhani mmemkamata mtu asiyehusika. Mimi ni mwenye nyumba tu, wapangaji ndio waliokosa. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu mwenyewe dhidi yao, na naomba kamati iwaite wajibu.

1. Ziliondoka bila kuaga. Mwaka jana niliwaambia nakwenda Nairobi kutibiwa kifua. Nilisema kifua kwa sababu neno titi halitajwi mbele ya wazee wa kanisa, na neno saratani ukilitaja watu wanaanza kukuangalia kama matanga yako yalishafanyika. Sasa nalisema kwa maandishi: ilikuwa saratani ya titi. Titi la kushoto lilikatwa, halafu nikaanza kutiliwa dawa kwenye mshipa, dawa nyekundu kama sharubati ya watoto. Wewe unakumbuka nywele nilizokuwa nazo. Mama Tryphosa, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa akinisuka mwenyewe, na kila mara analalamika kwamba zinamvunjia vitana. Basi asubuhi moja niliamka, zenyewe zikabaki zimelala kwenye mto. Siku chache baadaye nyusi zikazifuata, halafu kope. Hata mfanyakazi wa shambani hutoa notisi, lakini hizi, baada ya kula kwangu miaka yote hiyo, hazikusema hata neno.

2. Zilimsumbua mume wangu. Kinyanjui ni mtu wa mahindi na ng'ombe, hana maneno. Nilipotoka Nairobi nikiwa na kichwa kama yai, nilikuta ameondoa kioo ukutani chumbani. Aliniambia msumari umelegea. Msumari huo ulilegea mwaka mzima, Mzee, na mwanamume mwenye nyundo tatu ndani ya nyumba hakuupiga.

3. Zilirudi bila ruhusa, tena zikiwa zimebadilisha sura. Mwanzoni zilikuwa vumbi tu, kama la unga wa ngano. Nilikuwa nikipima sukari ya mteja kwa mkono mmoja, mkono wa pili uko chini ya kitambaa unapapasa, na nilikuwa nalia hapo hapo kaunta na kusingizia vitunguu, na sisi hatuuzi vitunguu. Halafu zikaanza kujikunja. Zikawa laini, viduara viduara, kama za mtoto aliyezaliwa jana. Hizo sikuziomba. Niliomba zile zangu ngumu. Juzi askari alinisimamisha karibu na soko, akaangalia picha ya kitambulisho, akaniangalia mimi, na akataka kujua kwa nini natembea na kitambulisho cha dada yangu. Kama Chama kinataka kujua ni nani katika mtaa huu anajifanya mtu mwingine, basi watuhumiwa wenyewe ni hawa.

4. Zina mafuta. Hili sikatai. Siku ile niliyovua kitambaa kanisani kwa mara ya kwanza, nilivua kwa furaha. Nilidhani mtafurahi na mimi. Badala yake Mama Tryphosa aliingia nyuma yangu na leso nyeupe, akapangusa mgongo wa kiti nilichokalia, akaiinua watu wote waone. Leso ilikuwa na mafuta kweli. Ngozi ya kichwa changu ilikuwa imekauka na kuchubuka kwa ile dawa nyekundu, na nesi wa Nairobi aliniambia nipake mafuta ya mtoto. Nasikia leso hiyo imetiwa ndani ya bahasha na kufungiwa kabatini pamoja na vikombe vya meza ya Bwana. Nashukuru kwa heshima hiyo, lakini naomba mafuta yajibu kesi yao, na nywele zijibu yao.

5. Hazisikii. Nimezichana, nimezimwagia maji, nimezifunga kwa vitambaa viwili. Zinainuka.

6. Zimeleta siasa kanisani. Mkutano wa kamati ulipokwama, uliamua tupige kura kwa mlolongo, kama tulivyofanya mapema mwaka huu kwenye uchaguzi. Wanaosema ni kalikiti wasimame nyuma ya Mama Tryphosa, wanaosema ni nywele tu wasimame nyuma yangu. Mimi nilikuwa mbele, sikuruhusiwa kugeuka, lakini niliambiwa baadaye kwamba mstari wangu ulitoka mlangoni, ukazunguka tangi la maji, na mtu wa mwisho alikuwa karibu aguse lango. Mstari wa Mama Tryphosa ulikuwa na dada zake na wewe. Mwalimu Kipyego wa kwaya alipoanza kuhesabu, ulimwambia aketi kwa sababu ulikuwa umekwisha kuona. Ukatangaza kwamba kalikiti imeshinda kwa kishindo. Silalamiki juu ya matokeo, Mzee, sisi sote tumeshazoea matokeo. Nalalamika kwamba watu wazima walisimama juani kwa ajili ya vitu visivyozidi urefu wa kidole, na nywele zenyewe hazikupanga mstari wowote.

7. Zina mshirika mkubwa. Hapa naomba kamati iwe na moyo mgumu. Mtu aliyezikunja ni nani? Si Nduta wa saluni, yeye hajanigusa tangu niende Nairobi. Si mimi. Naapa sijawahi kutia kalikiti na sitatia kamwe maisha yangu yote. Madaktari nao walisema kazi yao ilikuwa kuua ugonjwa, nywele zikaenda pamoja nao kwa bahati mbaya, na namna zitakavyorudi hawajui. Sasa amebaki Mmoja tu ambaye angeweza kukaa na kichwa changu usiku na mchana akizikunja moja moja, na jina lake nimeogopa kuliandika, lakini Yeye ndiye tunayemjengea paa. Nidhamu ni nidhamu. Naomba kamati imwandikie barua, imsimamishe, na imzuie kuhudhuria harambee mpaka aonyeshe majuto. Nafahamu itakuwa vigumu kumpata wa kukaimu nafasi hiyo, ingawa wewe tayari una vyeo viwili na cha tatu hakitakushinda.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa ombi.

Nilipokuwa nimelala Nairobi na sindano mkononi, niliogopa, Mzee. Niliogopa sana. Mwanamke wa kitanda cha karibu yangu alikuwa wa kutoka Kaptagat, tulikuwa tunaongea habari za baridi ya kwetu, na siku moja nikarudishwa kutoka kwa daktari nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Siku hiyo nilisema moyoni kwamba nikirudi Eldoret nikiwa hai, ubeti wa pili wa wimbo wetu wa shukrani nitauimba peke yangu, nikiwa nimesimama, bila kitambaa. Sikuahidi kamati. Nilimwahidi huyo mshirika wa namba saba, na sitaki kumdanganya.

Mmesema nizinyoe. Hilo haliwezekani. Wembe ninao dukani, nauza wembe kila siku, na jana nilifungua mmoja nikasimama nao. Mkono ulikataa. Nilishakuwa na upara ambao sikuutafuta, na sitaki kuwa nao tena kwa amri ya mtu ambaye hakuja kuniona.

Kwa hiyo naomba hivi: mniruhusu mimi niimbe ndani, na nywele zibaki nje ya kanisa chini ya ulinzi wa vijana wa Chama, kama kamati itapata njia ya kututenganisha bila kunikata kichwa.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto. Salamu kwa ng'ombe wako wa Moiben, nasikia wanatoa maziwa vizuri. Salamu kwa wanakamati wote, kwa wale waliozunguka tangi la maji, na kwa Mwalimu Kipyego, siku moja aruhusiwe kuhesabu mpaka mwisho. Mama Tryphosa mwambie bado namkumbuka kwa mikono yake, hakuna aliyenisuka bila kuniumiza isipokuwa yeye.

Ni mimi raia mtiifu kuanzia shingoni kwenda chini,

Waithira Kinyanjui

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Leo mchana nilipita kwa Nduta, akanikagua kichwa dirishani. Anasema hizi za kujikunja zinaisha. Zinazotoka sasa kwenye ngozi ni zile zile za zamani, ngumu, na kitana chake kimevunjika jino. Baada ya muda hakutakuwa na kiduara hata kimoja, na kesi yenu itakufa yenyewe. Nilipofika nyumbani nilikuta kioo kimerudi ukutani, na Kinyanjui ameenda shambani kana kwamba hakuna lililotokea. Nilisimama mbele ya kioo hicho muda mrefu. Nywele za kwanza ziliondoka bila kuniuliza. Hizi zilikuja bila kuniuliza, na sasa zinaondoka vile vile, na kumbe nilikuwa nimeanza kuzipenda. Nimechoka kutoulizwa. Kwa hiyo nimemwambia Nduta aniwekee nafasi Jumamosi anitie kalikiti, kalikiti yenyewe, chupa nzima, na yale niliyoapa kwenye namba saba myafute. Jumapili nitaingia kwa mlango wa mbele na nitaimba ubeti wa pili. Mwambie Mama Tryphosa aje na leso kubwa.