Nani Amekula Mbinzo za Darasa la B?

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Chumba kipya kitakuwa changu. Naandika leo ili isije ikasemwa baadaye kwamba nilibahatisha.

Asubuhi baada ya bendera, Directeur Émile alitangaza kwamba jengo jipya limekwisha. Matofali ya kuchoma, mabati mapya, madirisha yanayofunga. Chumba kimoja tu. Na mwaka wa kwanza tuko darasa mbili, A ya Mwalimu Zaina na B yangu mimi, Hubert. Wote tumo katika ukumbi mmoja wa zamani, migongo ikigusana. Directeur akasema chumba kitakwenda kwa darasa litakalowapendeza wazazi Jumamosi ya juma lijalo, kwa somo la viumbe hai. Darasa lingine litabaki ukumbini.

Ukumbi naujua. Mvua ya Kisangani haibishi hodi. Inaingia, inashuka ubaoni, inafuta. Herufi "a" nimeifundisha na kuifundisha, mpaka watoto wangu wanadhani alfabeti iliishia hapo. Wiki iliyopita mdogo mmoja alisoma amekalia maji, akitetemeka, na hakulia. Iliniuma. Sisemi mbele ya watu, lakini iliniuma sana.

Zaina na watoto wake wako upande usiovuja. Eti bahati. Aliwahi kufika siku ya kwanza ya masomo, huo ndio ujanja wake.

Yeye ataotesha maharagwe. Maharagwe! Kama kila mwalimu tangu chaki izaliwe. Mimi nitaleta mbinzo, vile viwavi vinono tunavyokula na pilipili. Nitaziweka hai, zigeuke vipepeo mbele ya wazazi. Kila mtoto wa hapa amekula mbinzo. Nani amewahi kuiona ikiruka?

Jumanne, tarehe 16 Septemba

Soko la Mangobo mapema. Mama muuzaji alitaka kunipa zilizokaushwa. Nikasema nataka zinazotembea. Akauliza nazipika vipi. Nikasema sizipiki, nazifundishia. Akawaita wenzake waje kunitazama.

Nilichukua beseni la mke wangu Florentine, nikalijaza udongo mweusi wa nyuma ya shule, nikamimina mbinzo na majani, nikafunika na kipande cha chandarua kwa fundo langu mwenyewe. Chandarua ni cha kitanda chetu. Florentine aliuliza tutalala vipi. Nikamjibu kwamba mbu ni wa msimu, elimu ni ya maisha. Hakupendezwa na jibu.

Somo lilikwenda vizuri mno! Watoto walihesabu miguu, wakachora, tukatunga wimbo. Zaina alichungulia, akasema kwa upole kwamba ni wanyama wazuri. Niliangalia macho yake. Hayakuwa macho ya mtu anayetazama tu.

Kitu kimoja kilinikera. Clémence wa benchi la mbele. Ana miaka sita na mkono wake hauteremki. Mtoto huyu hana swali jingine ila chooni. Nikamruhusu aende. Akaenda, akarudi, akainua tena.

Jumatano, tarehe 17 Septemba

Mbinzo zimegoma. Nimezipa majani ya muhogo, hazikugusa. Nimezipa majani ya muembe, hazikugusa. Zinazunguka beseni tu, zinapima udongo kwa vichwa. Najua mgomo nikiuona. Nimegoma Septemba nyingi katika kazi hii.

Nilizisemesha kidogo. Nikaziambia serikali ni moja na tumbo ni moja. Clémence aliinua mkono wakati nikiongea nazo. Chooni.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Zimeibiwa!

Beseni lipo. Chandarua kipo, hakikupasuka. Fundo ni lilelile. Mbinzo hakuna hata moja. Udongo mtupu, umelala sawa kama kitanda kilichotandikwa.

Nimefikiri kama mpelelezi. Mbinzo haina mabawa bado. Mbinzo haifungui fundo. Kwa hiyo mtu amefungua, amekula, amefunga. Nani analala ukumbi mmoja na beseni, yaani nani anafundisha hatua chache kutoka hapo? Nani anafaidika? Nani alisema ni wanyama wazuri? Kikulacho ki nguoni mwako, na kilacho mbinzo zako kiko darasa la A.

Clémence aliinua mkono, akaanza hadithi za kulala. Nikamwambia kulala ni nyumbani, hapa ni shuleni. Akataka kuendelea. Nikamwonyesha mlango wa chooni.

Ijumaa, tarehe 19 Septemba

Nimesema ukweli na ukweli umeniponza.

Bendera ilipopanda, wimbo ulipokwisha, nilitoka mstarini. Nikasema kuna mtu hapa amekula mali ya watoto wa darasa la B. Nikamtaja Zaina. Nikataja mbinzo.

Halafu mwaka wa sita wakaanza kucheka, halafu wa tano, kicheko kikashuka mpaka kwa watoto wangu mwenyewe. Mimi peke yangu katika shule nzima nilikuwa nimesahau kwamba Zaina ni mtu wa ukoo wa Waislamu wale wa tangu enzi za wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na kwamba kwao mbinzo haijawahi kuingia hata jikoni. Zaina hakukasirika. Alisema tu, taratibu, kila mtu akasikia: "Mimi, Mwalimu Hubert? Mimi sikulaka mbinzo tangu nizaliwe. Hata kuishika naogopa."

Mtu mwingine angerudi mstarini. Mimi sikurudi. Nikasema kama hakuzila basi ameziuza.

Directeur alinipeleka ofisini. Alisema: "Bon, Hubert. Utaomba pardon. Alafu juma ile ingine utajazia watoto ya Zaina udongo mu makopo yao. Makopo yote." Nikauliza kama hiyo ni adhabu au ni kazi ya sentinelle, mlinzi wa shule. Akasema nikiendelea nitafagia pia.

Nimeomba msamaha. Nimeuomba kwa sauti ya mtu anayekohoa.

Jumatatu, tarehe 22 Septemba

Siku tamu kuliko zote! Nimelipiza na hakuna aliyejua.

Maharagwe ya Zaina yamechipua kwenye pamba, yalitakiwa kuhamia kwenye makopo. Mimi ndiye wa kuleta udongo. Vizuri. Nikaleta udongo wa beseni langu. Udongo uliochoka, uliojaa mavi ya mbinzo, uliolaaniwa. Haragwe likiota humo mniite Zaina.

Si hayo tu. Chini kabisa nilikuta vitu vya kahawia, vigumu nje, vilivyochongoka mwisho mmoja, ukubwa wa kokwa za ngazi za mawese. Kokwa mbovu za watu waliotupa uchafu nyuma ya shule. Nilikibinya kimoja, kikawa laini kidogo. Nikavigawa katika makopo, kila kopo chini yake, mizizi iwe na kitu cha kugombana nacho.

Zaina alinishukuru. Akasema udongo ni mzuri, mweusi, unanukia. Nikasema umetoka moyoni.

Clémence alinitazama nikigawa kokwa. Aliinua mikono yote miwili. Nilimpa ruhusa ya chooni mara mbili.

Alhamisi, tarehe 25 Septemba

Maharagwe yanapanda kama wapanda minazi. Sielewi. Mavi ya mbinzo yamegeuka rafiki wa adui.

Leo mvua. Ubao ulifutika tukiwa kwenye "e", herufi ambayo tulikuwa tumeifikia kwa jasho. Tuliyasukuma mabenchi kwenye kona moja kavu, watoto wakabanana, wakaimba. Upande wa pili wa ukumbi watoto wa Zaina walikuwa wakimwagilia maharagwe kwa vizibo vya chupa, wakavu, nadhifu. Niliwatazama watoto wangu waliolowa nikaapa. Hawatabaki hapa. Sina mnyama, sina mmea, lakini nina beseni tupu na nina sauti.

Nitafanya maombolezo. Somo litaitwa "Heshima kwa viumbe vilivyotutoka". Wazazi wanapenda msiba uliopangwa vizuri.

Jumamosi, tarehe 27 Septemba

Naandika yote, hata yasiyonipendeza.

Wazazi walijaa. Kina mama wa Mangobo kwa vitenge, baba wawili wa kijeshi kutoka kambi ya Kapalata, viatu vinang'aa. Tulianza sisi. Watoto wangu walizunguka beseni tupu, mikono kichwani, wakaimba wimbo nilioutunga wa kuzilaza mbinzo pema. Mama mmoja alijifuta machozi. Baadaye niliambiwa alikuwa akicheka. Machozi ni machozi.

Kisha A. Zaina akamwita mtoto ang'oe haragwe moja, wazazi waone mizizi. Mtoto akang'oa. Mizizi mizuri, nakubali. Ila mizizi haikuja peke yake. Ilikuja na kokwa yangu, imeshikwa katikati kama yai kiganjani. Zaina akainama aitazame.

Kokwa ikatikisa mkia.

Watoto wakapiga kelele, mwanajeshi mmoja akarudi nyuma. Zaina akabadilika rangi. Halafu, na hili sitamsamehe, akakusanya ujasiri, akaiweka kiganjani, yeye aliyesema anaogopa, akaanza kufundisha. Akasema hii ni mbinzo iliyoingia udongoni kujibadilisha. Haifi, imejifunga, siku yake ikifika itatoka na mabawa. Watoto wake wakafukua makopo yote. Kila kopo mbinzo, kila mbinzo mkia. Wazazi walisimama.

Hapo Clémence akapanda juu ya benchi. Safari hii hakuinua mkono. "Ile iko mbinzo yetu! Nilisema zimelala mu udongo, nyanya yangu, koko, alinionyeshaka kule Isangi! Lakini Mwalimu ananitumaka tu chooni!"

Walicheka mpaka mabati yakalia. Directeur akasema chumba ni cha A. Niliwatazama watoto wangu, nikaona kona ile kavu, nikaona maji yakishuka ubaoni mpaka mwezi wa sita. Nilitaka kulia kweli, si kwa mpango.

Zaina akaomba neno. Akasema mbinzo ni za B, udongo ni wa Mwalimu Hubert, yeye alileta maharagwe tu. Akaomba darasa zote mbili ziingie chumba kipya, zibanane, ubao huku na ubao kule, mpaka mbinzo zitoke. Directeur akawaza. Akakubali kwa sharti moja: mbinzo ziishi. Mwenye kuzilinda ni mimi. Zikifa, B inarudi ukumbini.

Wazazi walipiga makofi. Watoto wangu wakakimbilia chumba kipya kugusa ukuta. Clémence alibaki. Aliniuliza zitalala wapi Jumapili, na kama nitaziaga kwa niaba yake. Nikamwambia nitaziaga.

Lakini nijiulize, Zaina anatoa nusu ya chumba bure kwa nini? Mtu hatoi nusu ya kitu bila kuitazama nusu ya pili.

Jumapili, tarehe 28 Septemba

Nilizitoa makoponi, nikazirudisha kwenye beseni na udongo wake, nikazileta nyumbani zisiguswe na mtu. Hilo lilikuwa jambo la busara.

Zaina alisema zitakaa hivyo miezi. Miezi! Wote watasahau nani alizinunua. Mimi nazitaka Jumatatu, mbele ya bendera, zipae juu ya kichwa cha Directeur, na aseme nani mwalimu. Kuku hutamia kwa joto, mayai huanguliwa. Joto ni joto. Nikaliondolea beseni nusu ya udongo, nikahamishia mbinzo kwenye bakuli la bati na kuliweka kando ya mbabula, jiko letu la makaa, Florentine akipika. Nikajinyoosha kidogo baada ya misa.

Kilichoniamsha ni harufu. Nitasema haki: harufu nzuri sana.

Bakuli lilikuwa limesogea. Florentine anasema ni mimi nililiweka karibu mno, mimi nasema mbabula ilisogea. Hatukukubaliana. Mbinzo zilikuwa zimejikausha vizuri, rangi ya dhahabu. Hakuna hata mkia mmoja uliotikisika. Nilikaa chini. Akilini nikamwona Clémence amesimama juu ya benchi. Nikaona benchi lenyewe limerudi ukumbini, ndani ya maji.

Florentine alizinyunyizia chumvi na pilipili, akaleta lituma, ndizi zetu za kuponda. Kutupa chakula ni dhambi, na tulikuwa tumetoka misa. Nilikula kwa huzuni. Nikaongeza kwa huzuni. Florentine alisema za namna hii ni tamu kuliko zile za kawaida, na kwamba sasa deni langu kwake ni chandarua tu.

Jioni nilijaza beseni udongo mpya. Nikausawazisha kama kitanda. Chandarua juu, fundo langu mwenyewe. Hakuna tofauti, na hakuna atakayefukua kabla ya miezi hiyo anayoisema Zaina.

Na akifukua mtu, je? Nimekwisha kufikiri kama mpelelezi. Beseni litakaa chumba kipya. Chumba kipya tunakaa wawili. Kama mimi ni mlinzi, basi mwizi ni yule mwingine. Eti haogopi tena kuzishika, shule nzima ilimwona akiiweka kiganjani. Mtu huanza na kushika.

Kesho, bendera ikipanda, nitatoka mstarini. Sitamtaja mtu. Nitauliza tu, kwa upole, nani amekula mbinzo za watoto.

Na Clémence akiinua mkono, chooni.