Tangazo Ambalo Padri Hakuliandika

Jumapili, tarehe 6 mwezi wa saba

Nimedhalilishwa mbele ya parokia nzima!

Nilikuwa nasoma matangazo, kama ninavyosoma kila Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nimefika kwenye nguruwe wa masista aliyepotea. Nikasema kwenye micro, kwa sauti yangu ile nzito: nguruwe huyu ana doa jeusi kwenye... Kwaya ikaanza kuimba! Noël, mwalimu wa kwaya, aliinua mkono tu, sauti nne zikanimeza mimi na nguruwe. Sasa hakuna anayejua doa liko wapi. Wakimchinja nguruwe asiye yeye, damu iko juu ya Noël.

Na Mama Germaine alicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Mama Germaine ni mjane, mtu wa Yanonge kule mtoni, anauza samaki wa moshi sokoni, na anaimba sauti ya pili. Mimi nimefiwa na mke, nina duka la misumari na mabati hapa mtaa wa Simi-Simi, Kisangani, na nina heshima yangu. Nimekusudia kumwoa. Yeye bado hajui. Hayo ni mambo madogo.

Tangu mwaka jana nanunua samaki kwake karibu kila siku. Nimekwisha kumwambia maneno mengi: "Huyu bei gani?" na "Funga vizuri, mama." Kutoka hapo mpaka ndoa si mbali. Lakini dada yangu Mbambu, anayetunza nyumba yangu, amechoka. Asema kuta zimeanza kunuka moshi, na paka akiona samaki anatoka nje.

Kikwazo ni kimoja: Noël. Kila baada ya misa wanasimama pembeni, yeye na Germaine, wakiongea Kilokele, lugha ya watu wa mto, na kucheka. Mimi Mnande wa Butembo, sielewi hata neno moja. Kicheko ninakielewa.

Jumanne, tarehe 8

Nimepata akili. Mwenye micro ndiye mwenye parokia.

Asubuhi, baada ya misa, nilitangaza kwamba mazoezi ya kwaya ya kesho yamehamishiwa kwenye kapela ya ng'ambo ya mto. Hesabu yangu ni safi. Wanakwaya ni wavivu, hawatavuka. Noël ni mtu wa wajibu, atavuka peke yake kwa pirogue, ajiimbie huko na vyura. Germaine atabaki kwenye meza yake ya samaki. Mimi nitapita pale, kwa bahati tu, nimevaa kofia mpya.

Kwa nini sikufikiria hivi zamani?

Jumatano, tarehe 9

Wamevuka wote!

Nilifika sokoni nikakuta meza ya Germaine tupu, imefunikwa na gunia. Nilisimama mbele ya gunia lile na kofia yangu mpaka mama wa meza ya pili akaniuliza kama ninaomba. Kwa aibu nikanunua pondu kwake. Mafungu mengi ya majani ya muhogo.

Jioni nikashuka mtoni kuona wanarudi. Pirogue mbili zimejaa, zinaimba. Germaine amekaa karibu na Noël. Chini ya mwavuli mmoja! Kumbe watu wa kapela ile walifurahi kuona wageni, wakawapikia kuku na lituma ya ndizi. Kuku! Wakati mimi nabeba pondu.

Noël alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hawajawahi kuwa na mazoezi mazuri kama hayo, na wazo la kuvuka hakika lilitoka kwa Roho Mtakatifu. Nikasema ndiyo, lilitoka huko.

Mbambu amepika pondu. Paka amebaki ndani.

Alhamisi, tarehe 10

Padri Arthur, paroko wetu, ameniita. Nilikwenda nikidhani amesikia habari ya kapela. Lakini wapi! Alitaka kuniambia kwamba anapanda boti kwenda Yangambi kubatiza, atarudi Jumatatu. Jumapili atakuja padri kijana kutoka seminari, ambaye hamjui mtu yeyote hapa.

Akanipa karatasi ya matangazo. Akasema, "Papa Liévin, soma kilichoandikwa. Kilichoandikwa tu, tafadhali."

Nikaisoma njiani, juu ya toleka, mwenye baiskeli akikanyaga na mimi nyuma nikishikilia. Katikati ya karatasi kuna tangazo la ndoa: Carlos, fundi wa pikipiki, na Grâce wa kwaya wanataka kufunga ndoa, mwenye kujua kizuizi amjulishe paroko.

Wazo likanipiga kwa nguvu, nikakaribia kuanguka kwenye baiskeli.

Ndoa mbili ni nyingi kuliko moja? Paroko hayupo. Padri kijana hatajua kitu. Nitasoma ya Carlos na Grâce, halafu, bila kupumua, ya Liévin na Germaine. Watu watapiga vigelegele. Mwanamke akisikia jina lake kwenye micro, vigelegele vimejaa mpaka kwenye mabati, atakataaje? Atainama chini kwa haya. Noël atameza wimbo wake.

Nimemweleza Mbambu, nikidhani atapiga makofi. Akauliza kama nimezungumza na Germaine. Nikamfafanulia kwamba tangazo ndiyo njia yenyewe ya kuzungumza naye. Akaweka kijiko chini. Akasema marehemu mke wangu alikuwa mtakatifu, na sasa anaelewa kwa nini aliharakisha kwenda mbinguni.

Wanawake wa kwetu hawana subira na mipango mikubwa.

Jumamosi, tarehe 12

Siku njema! Fundi amemaliza shati langu la kitenge. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, lakini nikiinua karatasi hauonekani.

Nilikwenda sokoni. Germaine alikuwa anafunga samaki wangu, akasimama ghafla. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Papa Liévin," akasema, "kesho kisha misa, unichunge kidogo. Iko na neno nataka kukuambia. Hapa hapana. Soko iko na masikio."

Nimngoje! Ana neno! Kwangu! Nilisahau samaki mezani, ikabidi aniite.

Njiani nilijiuliza: je, ningoje nisikie neno lenyewe kwanza? Mtu mwoga angengoja. Lakini vipi kama neno ni la Noël? Vipi kama anataka kuniomba nitangaze ndoa yao, yeye na Noël, mimi kwa mdomo wangu mwenyewe? Hapana. Anayetangulia kusema ndiye anayesikika. Kesho!

Jumapili, tarehe 13

Naandika nikiwa chumbani. Sitatoka. Mbambu ameweka chakula mlangoni kama kwa mfungwa.

Nieleze kwa utaratibu.

Misa ilikwenda vizuri. Padri kijana alihubiri kwa ufupi, kanisa limejaa. Nikapanda. Shati langu liling'aa. Nikasoma ya akina mama wa Legio, nikasoma ya usafi wa kisima. Nikasoma ya Carlos na Grâce, vigelegele vidogo. Bila kupumua, kama nilivyopanga, nikaendelea:

"Vilevile, Papa Liévin, wa parokia hii, na Mama Germaine, wa parokia hii, wanataka kufunga ndoa takatifu."

Kimya. Si kimya cha heshima. Kimya cha watu waliosahau kufunga midomo.

Kwenye karatasi imeandikwa mwenye kujua kizuizi amjulishe paroko. Ningeishia hapo! Lakini mimi, kwa kupamba, kwa sababu kimya kile kilinitisha, nikaongeza: "Au asimame hapa hapa, sasa, aseme!"

Nani alinituma?

Upande wa kwaya mtu akasimama. Sikuwa na haja ya kutazama.

"Mimi najua kizuizi," akasema Mama Germaine.

Padri kijana, maskini, akatazama huku, akatazama kule. Nadhani seminari hawakufundishwa hili. Akauliza kwa upole, "Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ndiye bibi-arusi."

"Na kizuizi ni kipi?"

"Hakuna mutu aliniuliza!"

Kanisa lilipasuka. Walicheka wazee, walicheka masista, walicheka hata wale wa nje ambao hawakusikia vizuri. Mtoto mmoja aliogopa akaanza kulia. Mimi nilikuwa bado nimeshika karatasi juu, na mkono mfupi wa shati umepanda mpaka kwenye kiwiko.

Hapo Noël aliinua mkono, kwaya ikaanza kuimba. Wimbo wa toba. Mwisho wa misa! Sijui kama alitaka kuniokoa au kunizika.

Nilitoka kwa mlango wa sakristia. Lile neno la Germaine la baada ya misa sikungoja kulisikia. Nadhani nimekwisha kulisikia.

Jumatatu, tarehe 14

Padri Arthur amerudi. Boti ilikuwa bado haijafungwa vizuri, na mtu alikuwa amekwisha kumwambia.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliuliza tu kama siku nyingine napenda pia kujitangaza askofu. Halafu akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa kabati la micro. Tangu sasa matangazo yatasomwa na Noël. Noël!

Nilifungua duka kwa sababu misumari haijui aibu. Wateja walikuja wengi kuliko kawaida, hawakununua kitu. Mmoja aliuliza kama nimekwisha kujitangazia mke mwingine.

Saa za mchana mlango ukawa na giza. Mama Germaine. Amevaa kitenge cha kazi, beseni liko chini ya kwapa. Nilitafuta pa kujificha, lakini mabati yote yalikuwa yamepangwa ukutani.

"Papa Liévin," akasema, "mimi ni mutu. Hapana tangazo."

Nikasema ndiyo, mama. Nikasema nisamehe. Ilitoka sauti ndogo sana, sauti ambayo haijawahi kupita kwenye micro.

Akaketi juu ya gunia la saruji, akaweka beseni magotini.

"Unajua ile samedi, kule soko, nilitaka kukuambia nini? Tonton Dominique anakuja, toka Yanonge. Ndiye mukubwa wa familia. Nilitaka uje umusalimie. Donc nilikuwa nimekubali, papa! Mbele hata ya kuniuliza!"

Nilishika meza.

"Ulikuwa umekubali nini?" nikauliza.

"Mwaka muzima mutu ananunua samaki kila siku, na kwake iko dada yake tu na paka. Unafikiri mimi ni mujinga?"

Nikamuuliza habari ya Noël. Mwavuli, vicheko, Kilokele. Akacheka mpaka beseni likaanguka. Noël ni ndugu yake! Mama zao walitoka tumbo moja. Parokia nzima inajua. Mimi tu ndiye sikujua, kwa sababu, asema Germaine, mimi ni mtu wa kusema, si mtu wa kuuliza.

Alors, masharti yake ni haya. Tonton Dominique atafika na boti Jumamosi. Jumapili jioni nitakwenda kwao na Mbambu. Nitabisha hodi polepole. Nitakaa. Nitafunga mdomo mpaka niulizwe. Tena, Noël atakaa karibu na Tonton, maana yeye ndiye mdomo wa familia. Ndiye atakayeniuliza, na ndiye nitakayemwomba.

"Na ile micro ya kanisa," akasema akisimama, "usiiguse tena juu yangu. Unasikia?"

Nikaapa. Niliapa kwa marehemu baba yangu.

Alipoondoka nilikaa pale pale juu ya lile gunia, nikalia kidogo. Vumbi la saruji ni baya kwa macho.

Jioni nilikwenda kwa Noël kuomba msamaha, hata kwa habari ya kapela. Ya kapela alikuwa hajui. Sasa anajua. Akasema kuku wa siku ile alikuwa mtamu sana, basi yaishe. Ni mtu mwema. Inakera.

Ijumaa, tarehe 18

Wiki nzima nimekuwa kimya. Mbambu amenipima homa.

Nimejifunza, nimetubu, nimekuwa mtu mwingine. Mtu anayefikiri kabla ya kusema. Ndiyo maana nimefikiri sana juu ya neno la Germaine, na nimeona jambo ambalo mtu wa haraka asingeliona. Alisema: micro ya kanisa. Ya kanisa! Germaine ni mwanamke wa maneno yaliyopimwa. Angetaka kukataza redio, angetaja redio.

Bon. Fikiria mzee Dominique. Anatoka Yanonge, mtu mzima, anasafiri siku nzima juu ya maji kuja kukutana na mkwe asiyemjua. Je, ni heshima apande boti bila hata neno la kumkaribisha? Hapana. Mbambu akisikia ataniuliza maswali, kwa hiyo hajasikia.

Leo asubuhi nimepita kwenye redio ya mtaa, nimeacha komunike. Itasomwa kesho alfajiri, kabla boti haijaondoka Yanonge, na itarudiwa mpaka ifike. Nimeandika vizuri, bila kiburi: Papa Liévin, mwenye duka la mabati, mchumba wa Mama Germaine, anamkaribisha Kisangani Tonton Dominique, na kuzijulisha familia zote za mtoni, toka Yanonge mpaka Isangi, kwamba mambo yote yamekwisha kukubaliwa.

Itasomwa kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Kilokele. Mtangazaji alisema hana mtu wa Kilokele, na kumwomba Noël kungeharibu mshangao. Kwa hiyo Kilokele nimetafsiri mwenyewe, kwa maneno niliyokuwa nikiyasikia pembeni ya kanisa. Si lugha ngumu. Neno moja tu nina shaka nalo: linaweza kuwa "mkwe", linaweza kuwa "kiboko".

Haidhuru. Mzee ataelewa.